DRAYA INAZUNGUKA LAKINI HAITOI JOTO? USIKIMBILIE KUNUNUA HITA



Leo naongea na wenzangu wa biashara ya kufua nguo. Sio wale wenye mashine kumi na wafanyakazi wa sare. Naongea na sisi wa fremu moja, mashine ya kufulia moja, draya moja, pasi mbili na kijana mmoja wa kusaidia. Draya ikizingua siku moja tu, biashara yote imesimama. Na huku kwetu nyanda za juu, mvua ikianza mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, huna kamba ya kukimbilia. Nguo unaanika Jumatatu, Jumatano bado ina maji na imeshaanza kunuka.

Nitawasimulia yaliyonikuta, halafu tushuke kwenye hatua. Mimi sio fundi wa chuo. Nimemaliza form four, nikaanza kufua kwa mikono, mashine zikaja baadaye. Ninachowaambia hapa nimekilipia hela yangu.

ILIVYOKUWA

Wiki ya Pasaka, Jumatano, mama mmoja kiongozi wa kwaya aliniletea sare 26. Akaniambia, "Mwanangu, Jumamosi jioni nazitaka zimenyooka, Jumapili tunaimba." Nikamwambia mama usijali. Mvua ilikuwa inanyesha Mbeya tangu Jumatatu, lakini nilikuwa na draya, sikuwa na wasiwasi wowote.

Alhamisi asubuhi naweka mzigo wa kwanza. Taa zinawaka, pipa linazunguka, sauti ni ile ile. Baada ya dakika 40 nafungua mlango, nguo ni baridi kama zimetoka kisimani. Nikarudia. Baridi vile vile.

Nikaita fundi. Alifungua nyuma, akachungulia kama dakika tano, akasema, "Bosi, hita imekufa. Laki na ishirini, hita na ufundi." Hiyo hela ilikuwa ya kodi ya fremu. Ningefanya nini? Nikampa. Akatoka, akarudi, akafunga, joto likarudi. Sare za kwaya zikatoka Jumamosi mchana. Nilifurahi mpaka nikamnunulia soda.

Wiki tatu baadaye nasikia harufu ya kuungua dukani. Natoa mataulo, moja lina alama ya kahawia kama limepigwa pasi ya moto sana. Nikachomoa plagi pale pale. Nikampigia dada mmoja yuko Iringa, Kihesa kule, ameanza hii biashara kabla yangu na anafulia wanafunzi wengi. Nikaanza kumweleza habari za fundi na hita. Akanikatisha.

"Mdogo wangu, acha kwanza ya fundi. Hewa ya mashine yako inatokea wapi? Iwashe, toka nje, weka mkono."

Nikaiwasha dakika moja, nikatoka nje nyuma ya fremu. Bomba lile linapaswa kupuliza hewa kwa nguvu. Nikaweka mkono, hakuna kitu. Ni kapumzi tu.

Hapo nikakumbuka. Miezi kadhaa nyuma panya walikuwa wanaingia kwa lile bomba, nikafunga mdomo wake na wavu wa dirishani. Zile nyuzi laini zinazotoka kwenye nguo, sisi dukani tunaziita pamba, zilikuwa zimejikusanya kwenye wavu kidogo kidogo mpaka zikawa kama kipande cha godoro. Hewa haipiti kabisa.

Nikatafuta fundi mwingine, kijana aliyesoma umeme VETA. Akafungua nyuma, akaniita nione. Hita ilikuwa ile ile ya zamani, haijawahi kubadilishwa. Ila pembeni yake kuna kifaa kidogo, fyuzi ya joto, kilikuwa kimeungua, na yule wa kwanza alikuwa amekiruka kwa kipande cha waya na gundi ya umeme. Yaani wiki tatu nimekausha nguo za watu kwenye mashine isiyo na mlinzi, na njia ya hewa imeziba. Nashukuru Mungu sikuwa nimelala mle ndani.

Fyuzi mpya niliagiza kutoka Kariakoo, ikaja na basi, shilingi elfu 15. Wavu nikautoa mwenyewe bure.

Sasa sikilizeni vizuri, hili ndilo nataka mtoke nalo leo: FYUZI YA JOTO HAIUNGUI BURE. Ikiungua, kuna kitu kimeiunguza. Ukibadili fyuzi bila kutafuta hicho kitu, itaungua tena. Na ukiiruka, kitakachoungua ni duka.

MASHINE INAFANYAJE KAZI

Kwa kifupi sana. Mota inazungusha pipa na feni. Feni inavuta hewa, hewa inapita kwenye hita inapata moto, inaingia kwenye nguo inabeba maji, inapita kwenye chujio, inatoka nje na bomba. Themostati inapima joto: likizidi inakata hita, likishuka inairudisha. Fyuzi ya joto ni mlinzi wa mwisho, themostati ikizidiwa yeye anakata kabisa.

Kwa hiyo mota inaweza kuwa nzima na hita isiwake. Ndiyo maana unaona inazunguka vizuri lakini nguo ni baridi. Na ndiyo maana hewa ni muhimu kuliko kitu kingine chochote. Hewa isipotembea, joto linabaki pale pale kwenye hita na fyuzi inakufa.

Mashine ninayoongelea ni hizi za umeme zenye bomba la kutolea hewa. Kuna zile zisizo na bomba, zinakusanya maji kwenye tangi. Hizo angalia tangi limejaa au la, na safisha lile sehemu la kupoozea hewa, maana pamba inajaa humo.

HATUA KWA HATUA, KUANZIA ZA BURE

1. Angalia kitufe ulichozungusha. Usicheke. Mashine nyingi zina sehemu ya hewa baridi tu, na dakika za mwisho za kila mzunguko huwa inapuliza baridi ili kupooza nguo. Kijana wako akizungusha vibaya utaita fundi bure.

2. Safisha chujio. Sio kila wiki, ni KILA MZIGO. Halafu mara moja kwa mwezi lioshe kwa maji na sabuni, lipige brashi laini, likauke ndiyo ulirudishe. Laini ya nguo na sabuni zinaacha utando ambao huuoni kwa macho. Mwaga maji juu ya chujio, yakikaa bila kupita ujue hewa nayo haipiti.

3. Toka nje uweke mkono kwenye bomba. Hewa iwe na nguvu. Kama ni dhaifu, chomoa bomba nyuma ya mashine, lisafishe lote. Bomba liwe fupi, lisiwe na kona nyingi, lisibanwe na ukuta. Na usiweke wavu mdomoni kama mimi. Tafuta kile kifuniko cha vibao vinavyofunguka hewa ikipuliza na kujifunga mashine ikizima. Panya hapiti, pamba inapita.

4. Angalia mita ya LUKU. Hii nimejifunza mwenyewe na naipenda sana. Zima kila kitu dukani, washa draya peke yake, angalia kile kitaa chekundu kinachopepesa kwenye mita. Mita nyingi zimeandikwa zinapepesa mara 1000 kwa uniti moja. Hita ya wati 2500 ikiwaka, kitapepesa kama mara 40 kwa dakika. Ikiwa ni mota tu inazunguka, kitapepesa mara nne tano hivi. Yaani bila kufungua hata skrubu moja umeshajua hita inakula umeme au haili.

Kama hita inakula umeme vizuri lakini nguo hazikauki, tatizo sio hita. Ni hewa, au umejaza sana, au mashine ya kufulia haikamui vizuri.

5. Angalia nguvu ya umeme. Umeme wetu ni volti 230, lakini jioni watu wakirudi nyumbani kuna mitaa unashuka sana. Hita ni ya ajabu kidogo hapo: umeme ukishuka, joto linashuka zaidi ya ule umeme. Ukipata volti 180, hita ya wati 2500 inatoa kama wati 1500 tu. Mota itazunguka, wewe utasema mashine imekufa. Dalili yake taa ni hafifu na pasi nayo inachelewa. Kama kwako iko hivyo kila jioni, kausha asubuhi na mchana, na toa taarifa TANESCO.

6. Shika plagi na soketi baada ya mashine kufanya kazi nusu saa, kwa nje tu na mkono mkavu. Vuguvugu sawa. Ikiwa ya moto, imebadilika rangi au inanuka, acha kutumia, ita fundi abadilishe soketi. Hii mashine inavuta kama ampia 11. Ekstensheni za kuchajia simu hazibebi huo mzigo. Draya iwe na soketi yake ukutani, yenye waya mnene na waya wa ardhi.

Mpaka hapa hujatumia hata mia. Kama bado ni baridi, sasa tunaingia ndani, na hapa ni kazi ya fundi au mtu anayejua kutumia mita ya umeme. Plagi iwe IMECHOMOLEWA. Sio kuzima swichi, chomoa.

7. Kitufe cha kurudisha. Baadhi ya mashine zina kitufe kidogo nyuma ambacho kinaruka joto likizidi. Acha mashine ipoe, kibonyeze. Kikiruka tena baada ya siku mbili, rudi namba 2 na 3, usiendelee kukibonyeza tu.

8. Fyuzi ya joto. Chomoa waya wake, pima. Nzima inapitisha, mita inasoma karibu na sifuri. Mbovu haisomi kitu kabisa. Haitengenezwi, inabadilishwa, na uweke ya namba ile ile iliyoandikwa juu yake.

9. Hita. Chomoa waya, pima. Hita ya wati 2000 hadi 2500 inasoma kati ya omu 20 na 30 hivi. Isiposoma kitu, imekatika. Pima tena kati ya hita na bodi ya mashine, hapo haitakiwi kusoma chochote. Ikisoma, hita inagusa bodi, na hiyo ndiyo inayokuangushia breka au kukupiga shoti.

10. Hita nzima, fyuzi nzima, bado baridi? Zamu ya themostati, swichi ya kuchagulia na nyaya zilizolegea au kuungua vichwa.

Ukifuata mpangilio huu, hita unaifikia namba tisa. Mimi nililipia laki na ishirini kwa kuanzia huko namba tisa.

VITU VITATU VINAVYOUA FYUZI HUKU KWETU

Cha kwanza ni hewa kuziba, nimeshasema.

Cha pili ni umeme kukatika katikati ya mzigo. Hita iko ya moto, feni imesimama, joto halina pa kwenda. Linaipanda fyuzi. Umeme ukikatika, hapo hapo fungua mlango, toa nguo zote, zitandaze, acha mlango wazi. Chomoa plagi. Umeme ukirudi subiri dakika chache utulie ndiyo uchomeke.

Cha tatu ni kujaza. Draya ya kilo 7 ni kilo 7 za nguo kavu. Blanketi moja zito la Mbeya likishalowa linaweza kuwa mzigo peke yake. Ukilisukumia na mataulo juu yake, hewa haipenyi.

Na msisahau nguo zenye mafuta. Aproni za jikoni, mataulo ya masaji, ovaroli za gereji. Kitambaa chenye mafuta kikikaushwa kwa moto kikarundikwa bado cha moto, kinaweza kuendelea kujipasha chenyewe mpaka kikashika moto, hata mashine imezimwa. Ovaroli lenye petroli mimi siliweki kwenye draya kabisa, linakwenda kamba ya nje. Mwenye nayo akinung'unika namwelewesha. Likitokea la kutokea, Zimamoto ni 114, bure.

MIZIGO YA WATU UNAIFANYAJE WAKATI MASHINE IMEKUFA

Hapa ndipo wengi tunaharibu. Mteja hana shida na mashine kufa, ana shida na kudanganywa "njoo kesho" mara nne.

Piga simu wewe kabla hajaja. Sema ukweli, toa siku mpya ambayo una uhakika nayo. Mwenye haraka kweli, kama sare ya shule au suti ya harusi, mtangulize. Ongea na dobi jirani, mlipe akukaushie. Faida itakuwa ndogo au hakuna, lakini mteja unabaki naye. Mimi na jirani yangu tuna makubaliano hayo sasa hivi, leo kwangu kesho kwake.

Kamua mara mbili kwenye mashine ya kufulia. Anika ndani kwenye kamba zilizoachana, weka feni ipulize, fungua dirisha kidogo unyevu utoke.

Usikaushe na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Najua baridi ya Mbeya mwezi wa sita na wa saba, najua inavyoshawishi. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukustua, inaua watu wamelala. Tena nguo zinabaki na harufu ya moshi, mteja atakurudishia.

HESABU KIDOGO

Hita ya wati 2500 ikiwaka saa nzima inakula uniti mbili na nusu. Weka shilingi 350 kwa uniti, ni kama 875. Mzigo uliokuwa unakauka saa moja, chujio likiziba unakwenda saa mbili. Mizigo sita kwa siku, unaweza kupoteza zaidi ya elfu tano kila siku kwa ajili ya pamba ambayo ungeitoa kwa mkono sekunde kumi. Kwa mwezi hiyo ni kodi ya fremu kwa wengi wetu.

Dada wa Iringa ananishinda hapa. Kule kiangazi kuna upepo na jua, yeye anaanika kwanza kwenye kamba chini ya bati linalopitisha mwanga, vumbi lisifike. Nguo zikibaki na unyevu kidogo ndiyo anazitia kwenye draya dakika 20, zinatoka laini. Masika tu ndiyo inafanya kazi kutwa. Nimeiga, LUKU yangu imepungua na wateja hawajaona tofauti.

UKIITA FUNDI

Sio mafundi wote ni kama yule wangu wa kwanza. Wapo wazuri sana. Lakini weka masharti haya kwa heshima tu:

Apime kwa mita mbele yako, akuonyeshe namba.

Kifaa cha zamani akuachie. Kama kweli amebadilisha, hana sababu ya kuondoka nacho.

Mwulize, "Kaka, hiki kimekufa kwa sababu gani?" Akikujibu "vinakufaga tu," mwulize tena.

Mwambie wazi hutaki kuruka fyuzi, hata kwa siku moja, hata kama kuna sare za kwaya zinasubiri.

Na mkitaka kununua draya ya mtumba, soma kile kibandiko nyuma. Iandikwe volti 220 hadi 240 na 50 Hz. Zinazotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni za umeme wa aina nyingine, hita na mota yake vinataka volti tofauti. Bei inakuwa ya kuvutia, ukiichomeka huku unalia.

Kwangu sasa kuna karatasi ukutani juu ya draya, nimeandika kwa makapeni: CHUJIO KILA MZIGO. BOMBA KILA JUMATATU. UMEME UKIKATIKA TOA NGUO. Kijana wangu alikuwa analiona kama mapambo. Nikampeleka nje, nikamwekea mkono kwenye bomba, nikamwonyesha na ile fyuzi iliyoungua, nimeitunza kwenye droo ya hela. Tangu siku hiyo sijamkumbusha tena.

Yule mama wa kwaya bado ni mteja wangu. Pasaka iliyofuata alileta sare 31.

Kama una mwenzako mwenye draya, mwambie leo hii hii atoke nje aweke mkono kwenye bomba. Ni dakika moja tu.